Karatasi ya Pili Haikusomwa

Chang'ombe, Temeke
20 Machi 1994

Mpwa wangu Talha,

Amani ikufikie huko Sharja, wewe na wenzako mnaolala chumba kimoja. Sisi tumefunga mwezi wote salama, na Idi imetupita tukiwa wazima. Mama yako, dada yangu Mwanakombo, anakusalimu. Miwani uliyomtumia imemfaa, ingawa anaivaa kichwani kuliko machoni. Mdogo wako Salma amehamishiwa shule ya Kipawa na anafundisha darasa la nne. Kaka yako Mashaka yupo nami hapa gereji kila siku.

Barua yako ya mwisho ilisomwa kwa desturi ya nyumba hii: Ijumaa baada ya Alasiri, mkeka umetandikwa uani, sote tumeketi, Salma akisoma kwa sauti yake ya ualimu. Alipofika ulipoeleza joto la huko, mama yako alimkatiza: "Muulizeni kama anakunywa maji." Nakuuliza basi.

Sasa nije kwenye shauri lililonifanya nishike kalamu. Nina mteja, Bwana Adelard, mtu wa Mtwara, msafirishaji wa vinyago vya mpingo. Tangu milango ya biashara ilegezwe, naye ameagiza gari lililotumika kutoka Japani, lenye turbo, na amejiandikisha katika mashindano ya magari ya tarehe 27 Agosti. Gari hilo limeyeyusha pistoni mara mbili mikononi mwangu. Nimefundisha ufundi wa injini chuoni kwa miaka kumi na tisa, Talha, na sijapata kuaibika namna hii. Turbo inaishindilia hewa; hewa iliyoshindiliwa inapata moto; petroli yetu ni dhaifu; basi mlipuko unakuja kabla ya wakati wake. Injini inagonga kama nyundo ndani ya sufuria, na haipiti dakika pistoni imetoboka.

Juzi Bwana Adelard alinijia na gazeti mkononi. "Mwalimu, wenzetu wananyunyizia spiriti kwenye hewa ya turbo, injini inapoa. Wewe unangoja nini?"

Mashaka akamjibu akiwa chini ya gari: "Anangoja pistoni ya tatu, bosi."

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini maneno yale nililala nayo.

Wewe unauza vipuri vya magari hayo na unayaona yakifunguliwa. Nipe shauri: ninyunyizie spiriti, au nitafute kipoza hewa kikubwa zaidi, kile chenye mapezi kama rejeta, ambacho hewa ya turbo hupita ndani yake kabla ya kuingia kwenye injini? Kilichomo sasa ni kidogo kama msahafu.

Lakini jibu lako litasomwa mkekani. Unaijua amri ya mama yako: tangu marehemu baba yenu apoteze kazi bandarini kwa ajili ya chupa, kileo hakiingii katika kiwanja hiki, na gereji yangu imo ndani ya kiwanja hiki. Kwa hiyo ya spiriti yaandike kwenye karatasi ya pili, niisome peke yangu.

Mjomba wako,
Shomari

*

Sharja
11 Aprili 1994

Mjomba Shomari,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Salma, pongezi za shule mpya. Wanafunzi wa Kipawa wavumilie sauti yako. Kaka Mashaka, nimekuwekea spana kumi na mbili za pembe, zile zilizopinda shingo, usimwazime mtu. Maji nakunywa, Mama, mpaka wenzangu wananiita samaki.

Kuhusu gari la Bwana Adelard, maoni yangu ni haya. Kipoza hewa kikubwa ni kazi ngumu: itabidi mkate bampa, mpinde mabomba, na turbo itachelewa kidogo kuamka kwa sababu hewa ina safari ndefu zaidi. Gari likisimama kwenye foleni chenyewe nacho kinapata joto. Lakini kikishafungwa, hakiombi kitu kwa mtu. Hakijazwi, hakiishi, hakisahauliki. Nimepata kimoja cha lori la dizeli, kizima, na kitapakiwa kwenye kontena litakaloondoka Juni. Mpaka kifike, mnaweza kutumia dawa ya kupozea, ambayo maelezo yake ya kiufundi nimeyaweka pembeni ili nisiwachoshe waliokaa mkekani.

Nawaombea kheri nyote.

Talha

Karatasi ya pili. Kwa Mjomba peke yake.

Mjomba, spiriti inafanya kazi. Unakumbuka muuguzi anapokupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inavyopata baridi? Ndivyo inavyokuwa ndani ya bomba la hewa: spiriti inageuka mvuke na kuondoka na joto. Chukua tangi la plastiki na pampu ya kuoshea kioo, weka nozeli ya kunyunyizia karibu na injini, na swichi inayowaka turbo inapofikia msukumo mkubwa. Changanya nusu kwa nusu na maji. Ila tangi likikauka dereva akiwa amekanyaga mafuta, injini inakufa papo hapo. Maisha yake yanategemea mtu wa kukumbuka kujaza.

Inayofaa kuliko zote ni methanoli, ile wanayoyeyushia rangi na vanishi viwandani. Na hili nalipigia mstari. Methanoli ni sumu. Inanukia kama kileo, inalewesha kama kileo, na mafunda machache yanapofusha macho, yakizidi, yanaua. Hapa Sharja niliwaona watu wawili kutoka kambi ya vibarua. Walikuwa wanauliza kwa nini taa imezimwa, na ilikuwa mchana.

Kila anayefanya kazi gerejini aambiwe, kwa maneno ya wazi. Unajua kwa nini nasisitiza. Unajua namwogopea nani. Jina lake sitaliandika.

*

Chang'ombe
15 Mei 1994

Mpwa wangu Talha,

Barua yako imefika na furaha yake. Mama yako ameketi nayo siku tatu, kana kwamba karatasi ina uvuguvugu wa mkono wako. Mvua za masika zimeangusha ukuta wa choo cha jirani, na Salma ana mafua. Mengine ni mema.

Nakujulisha kwamba tumefaulu. Nimefunga tangi, pampu na nozeli kama ulivyoeleza. Tulilijaribu gari barabara ya Pugu, mimi nikiwa kiti cha pembeni nimeinamisha sikio. Turbo ilipanda, mshale wa kipimo cha msukumo ukapita pale ambapo injini ilizoea kugonga, na sikusikia kitu. Kimya, Talha! Kimya cha injini yenye afya. Bwana Adelard alinikumbatia mbele ya watu na kusema ataniletea magari mengine mawili. Kwa hiyo kipoza hewa chako si cha haraka tena. Kije kwa wakati wake.

Ile dawa iko kwenye dumu la lita ishirini ndani ya stoo, na ufunguo uko kiunoni kwangu. Nimeandika juu yake kwa rangi nyekundu: DAWA YA REJETA. Nimelipima jambo hili kwa dhamiri yangu pia. Kitu kisichonyweka si kileo. Kwa hiyo amri ya dada yangu haijavunjwa.

Uliagiza wafanyakazi waambiwe. Wameambiwa kwamba ni dawa ya gari. Siku nilipokuwa nikimimina, Mashaka alisogea akavuta pumzi.

"Mjomba, dawa hii mbona inanukia sherehe?"

"Inanukia kazi. Shika mpira huu."

"Mie nilikuwaga sijui kama magari nayo yanaalikwa harusini."

Nilifungua kinywa nimweleze. Wakati huohuo mama yako akapita na sufuria ya uji, akasimama, akauliza tunacheka nini. Nikasema tunacheka gari.

Mashaka ni mzima. Anakuja kazini.

Mjomba wako,
Shomari

*

Sharja
9 Juni 1994

Mjomba Shomari,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Nawaandikia haya machache niwajulishe kwamba kontena limeondoka juzi, na kipoza hewa kimo ndani, nimekifunga kwa magunia. Salma, kunywa tangawizi. Kaka Mashaka, spana zako zimo humohumo.

Talha

Karatasi ya pili.

Mjomba, umeandika kwamba Mashaka ni mzima, anakuja kazini. Mtu mzima anayekuja kazini haandikwi hivyo. Kuhusu Salma umeandika mafua, na kuhusu jirani umeandika ukuta. Kuhusu Mashaka peke yake ndipo unapima maneno kama fundi wa dhahabu.

Nilikaa naye chumba kimoja miaka kumi na minane. Nilimfungulia mlango wa nyuma. Nilimpa majani ya mpera atafune kabla Mama hajamsogelea. Kwa hiyo usiniambie kuhusu ufunguo. Mlevi anayeficha ulevi wake ana subira kuliko kufuli lolote.

Umeandika DAWA juu ya dumu. Mjomba, wewe ni mwalimu. Nani nchini kwetu anaogopa neno dawa?

Nakuomba kwa heshima yote niliyo nayo kwako: lifute neno hilo, andika SUMU. Kisha mwite kaka, umweleze ana kwa ana. Kama huwezi kumweleza bila Mama kujua, basi Mama ajue. Ningepiga simu, lakini simu ya kuwapatia ninyi iko duka la jirani, na mtaa mzima husimama kusikiliza.

Nijibu haraka.

*

Sharja
20 Julai 1994

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyumba yote ni salama, maana sina habari.

Wiki sita zimepita. Wakala wa bandari ananiambia kontena limefika Dar na hakuna aliyekwenda kuulizia mzigo. Mtu aliyekuwa akinisumbua kwa pistoni mbili hawezi kuacha kipoza hewa kikae bandarini bila sababu. Nimepiga simu dukani mara mbili. Mara ya kwanza wamesema umetoka. Mara ya pili wamesema, "Ngoja," nikasikia watu wakinong'ona, kisha simu ikakatwa.

Mjomba, barua hii haina karatasi ya pili. Kuna nini?

Talha

*

Chang'ombe
31 Julai 1994

Mpwa wangu Talha,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu zilikuwa zinanipa mahali pa kujificha, kwa hiyo leo natanguliza neno moja: kaka yako yu hai.

Barua yako ya Juni niliipokea tarehe 28. Niliisoma, nikaona haya, nikaona hasira, kisha nikajiambia kwamba Jumatatu nitapaka rangi upya. Jumamosi ya tarehe 2 Bwana Adelard alikuja ghafla akitaka gari lake likajaribiwe. Nilikuwa nimeinama kwenye injini, mikono imejaa grisi. Nikamtupia Mashaka ufunguo. "Jaza tangi," nikamwambia. Mkono uliotupa ufunguo ni huu ninaoandikia.

Alijaza tangi. Akajaza na chupa moja ya soda, akaiweka chini ya kiti cha lori bovu, na usiku ule akainywa.

Jumapili asubuhi alikuja kazini akisema kichwa kinamuuma. Saa saba mchana alikuwa akipapasa meza akitafuta spana iliyokuwa mbele yake. "Mjomba, nani kawasha moto? Mbona moshi umejaa hivi?" Uwanja mzima ulikuwa na jua. Hapo nikayakumbuka maneno yako kuhusu wale watu wawili.

Tulimkimbiza hospitali kwa gari lilelile la Bwana Adelard, mwenyewe akiendesha. Mama yako alipanda nyuma, kichwa cha mwanawe mapajani. Daktari akauliza: "Amekunywa nini?" Mama yako alikuwa amesimama ubavuni kwangu.

Nikasema, "Dawa ya rejeta."

Daktari akaanza kutibu kitu kingine. Saa mbili zilipita, Talha. Saa mbili mimi nimekaa kwenye benchi la mbao, karatasi zako zote mbili za pili zimekunjwa mfuko wa shati, upande wa moyo, na Mashaka anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Daktari alipotoka mara ya pili alisema, "Mzee, dalili hizi hazilingani na ulichoniambia. Kama kuna jambo, hiki ndicho kipindi chake." Nikatoa karatasi ya Aprili nikampa. Aliisoma amesimama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kisha akamgeukia mama yako akasema kwa upole: "Mama, sumu hii inazuiwa na pombe safi. Dawa ya chupa ya kumtundikia hatuna. Tuna njia moja, kumnywesha pombe kali ya dukani kwa kipimo, kila saa, mpaka kesho. Naomba ruhusa ya ndugu."

Nilidhani ataanguka. Yeye alijifunga upya kanga yake kiunoni akasema, "Kanunueni." Bwana Adelard akatoka mbio. Chupa ilipoletwa, muuguzi alitaka kumnywesha, mama yako akamnyang'anya kikombe. "Kunywa, mwanangu," alisema. "Leo mie ndiye ninayekupa. Kunywa nikuone."

Mashaka akatabasamu amefumba macho. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Majani ya mpera yaliisha mtini, sikuona mtu anaharisha. Kunywa."

Alimnywesha mpaka asubuhi. Kulipokucha alinikuta korido. Nilianza kusema, akanyanyua kiganja.

"Shomari, ungeniambia. Dumu lile ningelilalia mie mwenyewe."

Hayo tu. Tangu siku ile hajaniambia neno la ziada, na chakula changu hunipakulia kama kawaida. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jicho la kulia la kaka yako limekufa. La kushoto linatambua mwanga na umbo la mtu, halitambui uso. Daktari anasema halitarudi zaidi ya hapo. Dumu nimelikabidhi kwa wenye kiwanda walioniuzia, nao wametia sahihi kwamba wamelipokea.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba useme unachotaka kusema.

Shomari

*

Sharja
14 Agosti 1994

Kwa wote walioketi mkekani,

Mama, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Salma, isome barua hii pole pole, wala usiruke neno lolote kwa ajili ya heshima.

Mama, nilijua kwamba Kaka Mashaka anakunywa tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilimficha nikidhani namsitiri. Mwezi wa Aprili niliandika kwamba methanoli inapofusha, nikaiandika mahali ambapo wewe na yeye hamtasikia. Mjomba ndiye aliyeomba karatasi ya pili; mimi ndiye niliyeiandika. Ningeweza kukataa. Ningeweza kutia sentensi moja tu kwenye karatasi ya kwanza, na Salma angeisoma, na Kaka angekuwa ameketi palepale. Kwa hiyo Mjomba asibebe peke yake.

Kaka, nina hasira nawe pia. Usiponijibu nitaelewa.

Bwana Adelard aambiwe hivi: kipoza hewa kipo bandarini. Akikitaka kifungwe, nitawaelekeza kila bomba. Akitaka spiriti, achukue gari lake salama aende kwingine.

Talha

*

Chang'ombe
29 Agosti 1994

Mpwa wangu Talha,

Salamu kutoka kwa mama yako, kutoka kwa Salma, na kutoka kwa kaka yako, ambaye ameomba salamu zake ziwekwe mwisho.

Barua yako ilisomwa Ijumaa ya tarehe 19. Salma aliisoma mpaka neno la mwisho. Nikatoa mfukoni karatasi yako ya pili ya Aprili, iliyochakaa kwenye mikunjo, nikampa. Nikasema, "Na hii. Ilikuwa isomwe hapa tangu wakati ule." Salma aliisoma. Alipofika kwenye wale watu wawili waliouliza kwa nini taa imezimwa, sauti ya ualimu ilimponyoka, akaanza upya.

Mashaka alisikiliza mpaka mwisho, uso ameuelekeza inakotoka sauti. Kisha akasema: "Ningeisikia hii, ningewatania wiki nzima. Ningesema Talha kaenda Uarabuni kawa mwoga. Lakini nisingeigusa." Akaongeza, "Labda." Lilikuwa neno la kweli.

Bwana Adelard alipewa shauri lako. Alizunguka gari lake mara mbili, akasema, "Mwalimu, dereva wangu naye anapendaga chupa. Kateni bampa." Tulikitoa kipoza hewa bandarini siku ya Jumatatu. Mabomba tuliyapinda siku tatu, na viungo vilivyo nyuma ya taa, ambako macho ya mtu yeyote hayafiki, alivifunga Mashaka kwa vidole, kwa spana zako za pembe. Nilivikagua kwa maji ya sabuni. Hakuna kilichovuja.

Juzi mashindano yamefanyika. Gari lilichelewa kuamka kwenye kona, kama ulivyotabiri, na watu wawili waliokuwa nyuma yake walipita. Likamaliza la tisa, injini nzima. Bwana Adelard alinuna mpaka jioni, kisha akaniuliza kama kuna kipoza hewa kikubwa zaidi ya hicho.

Mama yako amechukua brashi na ile rangi yangu nyekundu. Mlango wa stoo sasa una maandishi yake, makubwa, yamepinda, maana miwani ilikuwa kichwani: HUMU KUNA NINI? ULIZA KWA SAUTI. Jana, kwa mara ya kwanza tangu Julai, alikuja gerejini akaketi kwenye benchi langu. Aliniuliza asidi ya betri ni nini na inafanya nini kwa mtu. Nilimweleza yote. Mashaka alikuwa hapo, akasikia.

Kaka yako anasema: spana ni nzuri, lakini namba kumi na tatu haimo. Anasema pia kwamba hajanywa tangu pale hospitali, na kwamba usimwamini mapema.

Barua hii ina karatasi moja. Kabla sijaifunga kwenye bahasha nimempa Salma aisome mkekani, na ameisoma kwa sauti, mbele yao wote, mpaka hapa.

Mjomba wako,
Shomari